Beetle inayolala nje Uyole: kava gani linazuia mvua bila kuozesha bodi?

Swali la msomaji: Shikamoo fundi. Nipo Uyole, Mbeya. Marehemu baba aliniachia Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, na mwezi uliopita nimemaliza kuipiga rangi upya. Sina gereji. Inalala uwanjani juu ya nyasi, karibu na mparachichi. Rafiki yangu mmoja anasema ninunue turubai zito la lori pale Mwanjelwa, halipitishi hata tone. Mwingine anasema niagize kava jepesi la rangi ya fedha kutoka Dar, bei yake ni ndogo. Mvua zinakaribia. Nichukue lipi?

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kutolipeleka gari lake kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Beetle ikitunzwa huishi sana, kwa sababu mashine yake haina mambo mengi na vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa. Kinachozimaliza ni kutu, na kutu hiyo huanzia mahali ambapo mwenye gari haangalii. Kwa hiyo swali lako nimelipa uzito.

Kati ya hivyo viwili, hakuna cha kulaza juu ya rangi ya gari lako. Turubai la lori linazuia mvua kweli, na lile la fedha linazuia pia likiwa jipya. Shida yake ni kwamba maji ya juu hayaingii na unyevu wa chini hautoki. Kwa hali ya hewa ya huko kwenu, unyevu wa chini ndio wenye madhara zaidi. Tafuta kava linalozuia tone la maji huku likiruhusu mvuke kupita, na ukiweza, weka paa juu yake.

Ukielewa huo unyevu unatoka wapi, hata muuzaji mwenye maneno mengi hatakusumbua. Gari lako liko juu ya nyasi. Udongo hubaki na maji siku nyingi baada ya mvua kukatika. Mchana jua linaupasha, usiku unaachia mvuke polepole. Usiku usio na mawingu, bati la gari hupoa kuliko hewa inayolizunguka, na mvuke ukigusa bati baridi unageuka maji. Ndio umande huo unaoukuta alfajiri kwenye vioo vya magari yaliyolala nje. Gari lililo wazi, jua la saa tatu linaukausha na upepo unamalizia. Lililofunikwa kwa nailoni linakaa na maji yale yale mpaka mchana, na kule chini ya milango hayakauki kabisa. Juni na Julai, usiku wa Mbeya ukishuka chini ya nyuzi 10 na mchana ukapanda tena kupita 20, jambo hilo linajirudia siku kwa siku bila mvua kunyesha.

Niliwahi kuitwa Gangilonga, Iringa, kuangalia gari dogo lililofunikwa turubai la plastiki msimu mzima wa masika. Mwenyewe alikuwa na hakika kwamba ni kavu, maana turubai halikuwa na tundu hata moja. Kwa juu lilikuwa kavu kweli. Nilipoinua pembe yake asubuhi, upande wa ndani ulikuwa umejaa matone, mengine yakiteremka kuingia kwenye mfereji wa juu ya milango. Kwenye paa, rangi ilikuwa imetoka malengelenge madogo ya kadiri ya punje ya ulezi. Nilipotoboa moja kwa ncha ya kisu, likatoa maji na nyuma yake unga wa kahawia. Kapeti lilikuwa na ukungu mweupe, na usukani pia. Gari lile halikunyeshewa hata siku moja.

Chuma hakihitaji kuloweshwa ili kipate kutu. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 60, kazi imeshaanza. Na Beetle ina sehemu mbili ambazo nataka uzikague kabla hujanunua chochote. Ya kwanza ni yale maboksi marefu yanayopita chini ya milango, kushoto na kulia, ambamo hewa ya moto kutoka kwenye injini hupita kwenda mbele. Yako wazi kwa ndani na ndiyo yanayoshikilia bodi. Unyevu ukikaa humo, yanaoza kutokea ndani na kwa nje huoni kitu. Ya pili ni sakafu chini ya siti ya nyuma, upande wa kulia, anapokaa betri. Inua siti, toa betri, pangusa, angalia. Ukikuta chuma kinabanduka vipande vipande, mpigie kwanza fundi wa kuchomelea, kava litasubiri.

Sasa vitambaa. Kava la bei ndogo la rangi ya fedha mara nyingi ni plastiki nyembamba, wakati mwingine likiwa na pamba kidogo kwa ndani ili lionekane la maana. Halipumui, na jua likilipiga linakauka, linaanza kupasuka kwenye mikunjo. Lipo la poliesta iliyopakwa utando wa plastiki kwa ndani: hilo ni imara kidogo na linazuia maji vizuri, lakini kupumua kwake ni kwa shida, na linategemea matundu ya hewa aliyoyaweka mtengenezaji. Kisha kuna yale ya tabaka tatu, nne au tano, yenye polipropilini juu na chini na utando mwembamba katikati wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Tone la maji ni kubwa mno kupenya vitundu hivyo, mvuke unapita. Hili ndilo ninalokushauri, mradi upande wa ndani uwe laini wa kugusa. Lipo pia la akriliki iliyotiwa rangi kuanzia kwenye nyuzi zenyewe, kitambaa kile kile cha kufunikia boti. Linavumilia jua kuliko yote na linapumua vizuri, ila ni ghali, ni zito, na mvua ya kutwa nzima huanza kulipenya kidogo. Chini ya paa ni zuri sana. Peke yake nje, kwa masika ya Mbeya au Rungwe, hapana.

Usiridhike na maandishi ya kwenye boksi. Karibu kila boksi limeandikwa kwamba haliingizi maji na linapumua. Omba kipande, au lifungue kava lenyewe mbele ya muuzaji, ulipime hivi. Chukua kikombe cha maji ya moto yanayotoa mvuke, kifunike kwa kitambaa ukikibana kando kando, kisha shikilia kioo kidogo cha kujitazamia juu ya kitambaa, karibu kabisa bila kugusa. Kioo kikiingia ukungu, mvuke unapita. Kikibaki safi baada ya dakika mbili tatu, umeshika nailoni, liitwe jina lolote. Wengine hupima kwa kupuliza kwa mdomo. Usifanye hivyo, kwa sababu utando mzuri hauruhusu pumzi kupita lakini mvuke unaruhusu, na utaliacha kava zuri bure.

Kwa maji, kunja kitambaa kiwe mfano wa mfuko, mimina maji ya kikombe kimoja, kiweke juu ya gazeti kavu, uache saa nzima. Kisha pitisha kidole upande wa chini ukikandamiza. Mahali ambapo kitambaa kinaguswa ndipo maji hupenya kwanza, na juu ya gari kava linagusa muda wote, kwenye ukingo wa paa, kwenye matao ya mataili, kwenye bampa. Ukimaliza angalia mishono. Kitambaa kinaweza kuwa kizuri kabisa, kumbe tundu la sindano ndiyo mlango. Mshono mzuri umekunjwa mara mbili na kupigwa utepe kwa ndani, na haupiti katikati ya paa. Kava lenye mshono mmoja mrefu kutoka boneti hadi nyuma, juu kabisa, mimi sinunui.

Kuhusu saizi, watu wengi huchukua kubwa wakidhani wamejihami. Beetle ina urefu wa mita 4 na kidogo, upana wa mita moja na nusu hivi, na kimo kama hicho hicho. Makava mengi madogo yanayouzwa hapa yameshonwa kwa ajili ya magari ya kisasa, yale yenye mgongo mrefu uliosimama nyuma. Beetle mgongo wake unateremka kwa duara hadi kwenye bampa, kwa hiyo nyuma kitambaa kinabaki kimelegea. Hapo mvua inatengeneza bwawa, na upepo unapata pa kushika. Kama huna uwezo wa kuagiza kava lililoshonwa mahususi kwa Beetle, nunua la tabaka nyingi lenye urefu unaokaribiana, kisha mpelekee fundi turubai. Mwanjelwa wapo wanaoshona matandiko ya malori na viti vya bodaboda, mashine zao zinamudu kitambaa kizito. Mwambie apunguze ule ulegevu wa nyuma, na kila anapopitisha sindano apake gundi ya kuziba kwa ndani. Muachie vipimo vilivyochukuliwa kwa futi ya fundi cherehani juu ya gari lenyewe: kutoka chini ya bampa la mbele, kupanda boneti, kioo, paa, mgongo, hadi chini ya bampa la nyuma, kisha kutoka chini ya mlango mmoja kupita juu ya paa hadi chini ya mlango wa pili. Vipimo vya kwenye kitabu cha gari havifuati mabonde ya Beetle.

Suala la upepo nalipa nafasi kubwa, kwa sababu huko kwenu mwezi wa nane hadi wa kumi ni vumbi na upepo, na ukienda Makambako ni zaidi. Kava linalopigapiga juu ya gari lenye vumbi ni msasa. Linasugua mahali pale pale usiku kucha, kwenye ukingo wa boneti, kwenye matao, kwenye vishikio vya milango, na rangi ikiisha linakwenda kwenye puti. Mpira wa kubana chini peke yake hautoshi. Tafuta lenye mikanda miwili au mitatu inayopita chini ya gari na kufungwa kwa klipu za plastiki, si za chuma. Kama halina, fundi turubai aongeze. Mikanda ipite chini ya tumbo la gari, isiguse mabomba ya ekzosi. Usifunge kava kwa kamba ya manila juu ya bodi, kwa maana kamba hiyo itachora mstari hadi kwenye chuma. Usiweke tofali juu ya paa kulizuia, jambo ambalo nimeliona zaidi ya mara moja na kila mara linanisikitisha.

Kama kifuniko cha injini cha nyuma kina matundu ya hewa, kava lipite juu yake bila kuyabana kwa nguvu, ili ndani kusifukie. Injini ya Beetle inapozwa kwa hewa na mabomba yake ya moshi yako nyuma, chini tu ya bampa. Ukirudi kutoka mjini, acha gari lipoe kabisa kabla ya kufunika, la sivyo kava litayeyukia kwenye bomba, na joto litavuta mvuke wote kutoka chini uingie ndani.

Jua nalo watu wa nyanda za juu hulidharau kwa sababu ya baridi. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua inayochoma rangi na plastiki huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ndiyo maana kava lililodumu miaka Dar kwenye kivuli linachakaa mapema likiletwa Uyole uwanjani. Lishike kila baada ya miezi michache, upande wa juu. Likianza kukuachia unga mkononi au nyuzi zikakatika ukilivuta kidogo, limekwisha. Kulibakisha ni kulimwagia gari uchafu. Faida uliyonayo wewe, na wenye magari wa Tanga au Dar hawanayo, ni kwamba upepo wa Mbeya hauna chumvi ya bahari.

Nikuambie ninavyoamini kwa moyo wote: fedha yako ya kwanza iende ardhini na kwenye paa, ya pili kwenye kava. Ondoa nyasi mahali gari linapolala. Chimba kidogo, tandika karatasi nzito la nailoni, lile linalowekwa chini ya sakafu za nyumba, mwaga kokoto juu yake, mwelekeo uteremke kidogo ili maji yasituame. Hapo umezuia sehemu kubwa ya mvuke kutoka chini, na kazi hiyo inamalizika kwa siku moja ya jasho.

Halafu lile turubai la lori la rafiki yako, alilosema kweli kwamba halipitishi tone. Linunue, na ulifanye paa. Simamisha nguzo nne za mti wa kutibiwa, mbili za mbele ndefu kuliko za nyuma kwa futi moja na nusu au mbili, weka paulini, yaani mbao za kulala juu ya nguzo, vuta turubai likaze sawasawa, lisilegee popote maji yakakusanyika. Liache nafasi ya kutosha juu ya gari, hewa ipite pande zote. Ukipata fedha baadaye, badilisha turubai kwa mabati. Mvua ya mawe ikija, na huko kwenu huja, kava la kitambaa halitakusaidia chochote, mabati yatakusaidia. Ukiwa na paa, kava lako halihitaji tena kupambana na mvua ya moja kwa moja; linabaki na vumbi, umande na mvua ya kupeperushwa, na litakaa miaka mingi zaidi.

Gari usiliweke chini ya mparachichi. Parachichi likianguka kutoka juu linabonyeza bati la paa, na kinyesi cha ndege wanaolala mtini kinachoma rangi hata kupitia kava lililolowana. Mkaratusi nao una utomvu na matawi yanayovunjika bila taarifa. Afadhali ukose kivuli cha mti.

Matumizi ya kila siku yana sheria mbili ninazozishikilia. Usifunike gari chafu, na usifunike gari bichi. Likitoka barabarani na vumbi, lioshe au angalau limwagie maji mengi, ulikaushe kwa taulo laini, ufungue milango na kifuniko cha injini kwa muda, ndipo ufunike. Kama limerudi usiku na mvua, liache wazi chini ya paa hadi kesho. Mvua ikikatika na jua likatoka, vua kava, lianike kwenye kamba upande mmoja kisha wa pili. Mikeka ya ndani ikilowa itoe. Wakati wa kuvua, kunja pande mbili za kava ziingie katikati ya paa, kisha lizungushe kutoka nyuma kwenda mbele, ili upande unaogusa rangi usiguse kokoto hata kidogo. Punje moja ya mchanga iliyonasa humo itakuachia mchoro kila siku. Kulifua, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali. Sabuni ya unga huondoa ile dawa inayofanya maji yateleze.

Panya hupenda gari lililofunikwa, hasa kama jirani una ghala la mahindi. Kagua nyaya mara kwa mara, na usiache makombo ya chakula ndani.

Limebaki la rangi mpya, ambalo hukuniuliza, nami nisingependa ulipite. Rangi inaonekana kavu kwa juu ndani ya siku moja, lakini kwa chini bado inatoa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kwa wiki nyingi. Ukiifunika mapema, tina na unyevu vinanaswa, na kitambaa kinaweza kuacha alama zake juu ya bodi. Muulize aliyeipaka alitumia rangi gani. Kama ni ile ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, mwezi mmoja mara nyingi unatosha. Kama ni rangi ya mafuta ya kawaida, nakushauri miezi miwili hadi mitatu, na kwa baridi ya huko kwenu elekea ile mitatu. Kwa hiyo mvua za Novemba zikianza kabla muda huo haujatimia, Beetle yako ikae wazi chini ya paa la turubai, bila kava lolote. Siku ya kufunika ikifika, bonyeza ukucha wa kidole gumba mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa mlango. Ukiacha alama, ongeza wiki mbili ndipo upime tena.